Kapteni Aliyeondoa Miti ya Mwanza

Msiniulize Kapteni alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hayo wanayo wenyewe wa ukoo wake, na siku wakitaka kuyasema watayasema. Mimi nilimjua kwenye ngazi za jengo letu pale Tumba, nje kidogo ya Stockholm, akiwa ameshastaafu, kavaa kandambili juu ya soksi nene, na mkononi kabeba feni ndogo kwa uangalifu kama mtu aliyebeba kifaranga. Jengo zima lilimwita Kapteni, Waswidi kwa Waafrika, ingawa hakuwahi kurusha ndege ya kweli hata siku moja. Alikuwa fundi wa matengenezo kwenye kiwanda cha malori Södertälje, na kazi yake ya maisha ilikuwa kuzitazama mashine kabla hazijaharibika. Ukapteni aliupata sebuleni kwake.

Sebule hiyo ilikuwa na viti viwili tu vya maana. Kimoja kilikuwa kiti cha gari bovu, alichokifungia miguu ya chuma, na hicho ndicho kiti cha rubani. Cha pili kilikuwa kiti cha kawaida cha mezani, nacho kilikuwa cha abiria. Mbele yake skrini kubwa, usukani, pedali za miguu, na pembeni, juu ya stuli, kompyuta yenyewe: sanduku jeusi lenye matundu juu, ya kutolea joto. Humo ndimo ilimokaa ile programu ya kurushia ndege, inayokuonyesha dunia nzima ilivyo, viwanja, maziwa, milima, hadi mawingu ya siku hiyohiyo. Nilikosea mara moja nikamuuliza, "Kapteni, leo umecheza gemu?" Loh! Alininunia wiki nzima. Nikimpa shikamoo ngazini anaitikia marahaba ya kukohoa, anapita zake.

Jumamosi ilikuwa siku ya usafi. Anazima kila kitu, anachomoa waya ukutani, anafungua ubavu wa kompyuta, anavaa miwani ya kusomea juu ya miwani ya kuonea mbali. Kisha anashika brashi laini na kimashine cha kupuliza upepo. Kabla ya kupuliza feni anaizuia kwa kidole isizunguke, kwa sababu, alisema, feni ikizungushwa na upepo wa kuazima inaumia mhimili wake. Vumbi likitoka analitazama kwa hasira ya kweli. "Tazama, mwanangu," aliniambia, "hili ni blanketi. Mashine imefunikwa blanketi, halafu mtu anashangaa kwa nini haikimbii."

Akimaliza usafi wa nje anaingia wa ndani. Anawasha, anafungua orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe, anaanza kuzihoji moja moja kwa sauti. "Wewe nani? Umeingia lini? Umealikwa na nani?" Isiyo na jibu anaitoa. Anafuta mafaili ya zamani ili diski ipate nafasi. Programu ya kuendeshea kadi ya picha ikitoa toleo jipya, haharakishi kulipokea, analiacha kwanza wengine waunguzwe nalo. Halafu anarusha ndege fupi ya majaribio, jicho lake likiwa kwenye namba ndogo ya kona ya skrini inayosema picha zinapita haraka kiasi gani. Namba ikiwa juu anapiga mluzi. Ikishuka, basi wewe abiria utachelewa chakula cha mchana, kwa sababu hainuki pale mpaka ajue ni kwa nini.

Majirani walimletea kompyuta zao kama wanavyopeleka watoto kliniki. Mzee mmoja wa Kikongo wa mlango wa pili alikuja na yake chini ya kwapa, analalamika kwa Kiswahili chake cha kule kwao: "Kapteni, hii machine iko lente sana, inafunguka ni kama inaenda kufa." Kapteni akakuta ndani yake programu tatu za kuzuia virusi, zote zinafanya kazi kwa pamoja. "Ndugu yangu," akamwambia, "umeweka walinzi watatu kwenye mlango mmoja. Wanakamatana wenyewe kwa wenyewe. Mwizi akija, si anapita tu?" Wakacheka mpaka yule mzee akashika mbavu. Mbili zikatolewa, na mashine ikafunguka. Malipo yake yalikuwa sahani ya pondu, kisamvu cha kwao, na Kapteni aliisifu hadi Pasaka.

Sasa mtu kama huyu ungedhani nyumba yake inang'aa. Thubutu! Magazeti yamelala kila mahali, sufuria ya jana iko juu ya redio, kapu la nguo safi limekaa katikati ya njia mwezi mzima kama mgeni asiyejua kuaga. Usafi wake wote uliishia kwenye lile sanduku jeusi. Na kibaya zaidi, mwili wake mwenyewe hakuutazama kabisa. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, natunza watu wa umri wake kila siku, nikimwona anavyohema ngazini nikajua. Nikamwambia akapime presha. "Mimi mzima," akasema. Nikamjibu, "Kapteni, wewe unamfukuza mtu akikuambia kompyuta yake nzima na hajaifungua tangu ainunue." Tukakubaliana: kila Jumamosi yeye anaifungua mashine, mimi nafunga mkanda wa kipimo kwenye mkono wake. Na ilikuwa juu, jamani, siwadanganyi. Dawa alizianza kwa manung'uniko, lakini alizianza.

Hata hivyo deni la shukrani lililopo kati yetu ni langu, na hapa sina budi kueleza habari ya mama yangu.

Mama yuko Mwanza. Ana presha ya macho, na daktari alimwambia wazi kwamba kinachopotea hakirudi, dawa zinachelewesha tu. Kila nilipompigia simu alisema neno lilelile: "Njoo nikuone, mwanangu, ningali naona. Baadaye utakuja nikuguse tu." Na mimi nilikuwa siwezi kwenda. Pesa ya tiketi nilikuwa nayo, likizo nilikuwa nayo. Nilichokuwa sina ni miguu ya kupandia ndege. Miaka ya nyuma, nikirudi kutoka nyumbani, ndege yetu ilishuka ghafla hewani, vikombe vikaruka, mama mmoja akapiga kelele ambayo naisikia mpaka leo. Tulitua salama salimini. Lakini mimi, moyoni, sikutua.

Nilijaribu. Nilifunga begi, nikapanda treni hadi uwanja wa ndege wa Arlanda, nikafika mpaka mlango wa kuingilia ndege, na hapo miguu ikagoma. Nikarudi Tumba na begi langu, vitenge vya mama na dawa za macho vikiwa ndani vilevile. Kwenye ngazi nikakutana na Kapteni.

"Mbona begi limerudi?"

"Aliyerudi ni mimi, Kapteni. Begi lilikuwa tayari kwenda."

Hakunipa pole. Mtu mwingine angenipa pole nikalia, yakaisha. Yeye aliniuliza kama najua ndege inafanya nini kabla ya kutua. Nikamwambia sijui na sitaki kujua. "Basi ndiyo maana," akasema. "Jumamosi, baada ya chakula, njoo. Uje na kanga."

Kanga ilikuwa ya mkanda. Aliizungusha kiunoni kwangu na kwenye mgongo wa kile kiti cha abiria, akaifunga fundo la heshima, akakaa kwenye kiti chake na kuuliza kwa sauti ya kazini: "Abiria, umefunga mkanda?" Nikaitikia huku jasho linanitoka, na tuko sebuleni, chai iko mezani! Siku za kwanza tulizunguka tu juu ya Stockholm. Akanifundisha kila sauti. Ule mngurumo unaopungua baada ya kupaa si injini inakufa, ni rubani amepunguza nguvu kwa sababu hahitaji tena. Kile kishindo chini ya miguu ni magurudumu yanatoka. Kutikisika ni hewa, na hewa ina mashimo ya barabara yake. Nilianza kupumua. Nikajiambia, mwanamke wewe, utakwenda.

Kwa furaha hiyo nikataka kumshukuru. Na mimi nimelelewa kwetu, ambako kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, makochi ndiyo usiseme. Nikanunua uzi mweupe, nikafuma wakati wa mapumziko kazini, maua pembeni, kingo za mawimbi. Nikampelekea: "Kapteni, hiki ni cha ndege yako." Alikishika, akapitisha kidole kwenye kingo taratibu. "Marehemu mke wangu alifuma hivihivi," akasema, na akageuka dirishani kidogo. Kisha akakitandika mwenyewe juu ya lile sanduku jeusi, kikashuka mbele na nyuma vizuri, akarudi hatua mbili kukitazama. Nami nikaona nimelipa kistaarabu.

Tangu Jumamosi hiyo ndege ikaanza kukwama.

Tulikuwa tumefikia somo lenyewe, kutua Mwanza. Tunakuja juu ya ziwa, vizuri, uwanja ule unaonekana, na ghafla picha inasimama tuli. Halafu inaruka, na sisi tuko chini zaidi bila kupita katikati. Ni ileile! Ni ile kushuka kwa ghafla iliyonitoa roho, sasa imenifuata Tumba. Nilipiga kelele, nikajifungua kanga, nikatoka hadi ngazini. Kapteni alinifuata na kandambili zake. "Ile si ndege, mwanangu, ni kompyuta imechoka. Nitaitengeneza."

Na alitengeneza, maskini. Kila wiki nilimkuta ameifungua yote. Alisafisha ambapo palikuwa safi. Aliifuta ile dawa inayopakwa kati ya ubongo wa mashine na feni yake, akapaka mpya. Akaongeza feni nyingine. Nikija, tunaruka, tunafika juu ya ziwa, inakwama. "Ukiwa peke yako inakwama?" nikamuuliza. Akajikuna shingo. "Peke yangu haikwami sana. Labda inakuonea haya."

Baadaye akaanza kupunguza mzigo wa picha. Wiki moja tukakuta hakuna mawingu. Wiki nyingine magari barabarani hayapo. Kisha tukafika Mwanza nikashangaa: "Kapteni, mbona Mwanza haina miti? Na mawe yetu yako wapi?" Mwanza bila mawe! Akasema ameyaondoa kwa muda tu, ili mashine ipate nafuu. Tukaelea juu ya mji wenye upara, na bado, tulipokaribia ardhi, picha ikasimama. Nami simuni nilikuwa na mama anayesema, leo sindano nimeshindwa kuitia uzi. Nilikuwa naishiwa na wakati, na naogopa kuliko nilivyoanza. Nilimwambia Kapteni kwamba nashukuru sana lakini basi, tuache. Akaniomba Jumamosi moja tu ya mwisho.

Jumamosi hiyo binti yake alikuja kumtembelea kutoka Märsta. Binti amezaliwa hukuhuku, anafanya kazi uwanja wa ndege, Kiswahili anakisikia chote lakini kujibu anajibu Kiswidi. Alitukuta hivi: baba yake anavuja jasho usukanini, mimi nimefungwa kanga nalia, Mwanza yenye upara imeganda kwenye skrini, na feni zote zinalia kwa nguvu. Akatutazama. Akaitazama kompyuta. Akasema, "Men pappa, duken!"

Nikajua neno hilo. Kitambaa.

"Nyamaza wewe," Kapteni akasema.

Binti hakunyamaza. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumza Kiswahili, na alikigeuzia kwangu makusudi. "Anti, yeye anajua. Anti ukienda, anatoa. Anti ukigonga mlango, anarudisha. Joto haliwezi kutoka. Mimi nimemwambia kwenye simu mara nyingi!"

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu aliyelichukia vumbi kwa sababu ni blanketi, mimi nilimletea blanketi lenyewe, tena lenye maua! Nikamgeukia Kapteni. Mzee wa watu amekaa kwenye kiti chake cha rubani kainamisha kichwa, anachezea kitufe cha usukani.

"Sasa ningefanyaje?" akasema. "Mtu kafuma kwa mkono wake, nikivue mbele ya macho yake? Mimi nimelelewa wapi?"

"Kapteni! Umeondoa miti ya Mwanza yote ili kitambaa kibaki?"

"Miti hairudi nyumbani na huzuni," akasema.

Nilicheka. Nilicheka nikilia, mpaka fundo la kanga likalegea, na binti akacheka, na mwisho mwenyewe akacheka kwa aibu. Nikainuka, nikakivua kitambaa kwa mkono wangu, nikakikunja vizuri, nikakiweka kwenye mgongo wa kiti chake, pale kichwa kinapoegemea. Kikakaa kana kwamba kilifumwa kwa ajili ya hapo. Akaacha mashine ipoe, akarudisha vitu kimoja kimoja: mawe, miti, magari, mawingu. Tukaja juu ya ziwa. Magurudumu yakatoka, kishindo kile, nikakitambua. Ardhi ikapanda polepole, bila kuruka hata mahali pamoja, nikaiona yote, yote, mpaka matairi yakagusa. Sikupiga kelele. Nilimshika Kapteni mkono.

Nilinunua tiketi wiki ileile. Siwezi kusema sikuogopa. Niliogopa, lakini niliogopa kitu ninachokijua. Kiunoni, chini ya mkanda wao, nilijifunga kanga yangu, na tulipokaribia Mwanza abiria jirani yangu aliposhtuka nikamwambia, "Hayo ni magurudumu tu, dada." Sikiliza mtu anavyojidai!

Mama alinisogeza kwenye mwanga wa mlango. Alinishika mashavu, akanigeuza huku na huku, macho yake yakiwa karibu kabisa na yangu. "Umenenepa," akasema. "Na hizi nywele nyeupe, nani kakuruhusu?" Aliniona. Nataka mjue hivyo. Aliona hata kovu dogo la kidevuni ambalo mimi nilishalisahau, na kila asubuhi ya siku zangu pale alinivuta tena mlangoni, anitazame kabla ya chai.

Nilipomsimulia kisa cha kitambaa alicheka kama msichana. Kisha akauliza, "Hiyo mashine inapumulia wapi?" Nikamchorea kwa kidole kwenye kopo la biskuti: hapa juu, ukubwa huu. Akaomba uzi. Alifuma kwa kupapasa, macho akiyapumzisha ukutani, na katikati akaacha dirisha la mraba, kingo zake kazishona imara. "Mpelekee Kapteni. Mwambie hiki asikivue."

Mara ya mwisho kumwona Kapteni ni majuzi tu, Märsta. Amehamia kwa binti yake, kwa sababu mikono imeanza kutetemeka na ngazi za Tumba zimemshinda. Usukani haushiki tena vizuri. Presha iko sawa, niliipima kabla hata ya kuvua koti. Kompyuta iko kwenye stuli yake, na juu yake kitambaa cha mama, hakijavuliwa tangu nilipokileta. Siku hizi usafi wa Jumamosi naufanya mimi nikipata nafasi, yeye anaketi pembeni ananisimamia. "Shikilia feni kwa kidole," anasema. Nashikilia. "Huyo nani, kaalikwa na nani?" Namtoa.

Tulipomaliza akajaribu kwenda kwenye kiti chake, halafu akasita, akavuta kile cha mezani. "Leo nipeleke wewe," akasema. Nikaichukua kanga, nikamzungushia kiunoni, nikafunga fundo la heshima. Nikakaa mahali pake, kichwa kwenye maua niliyoyafuma mwenyewe.

"Abiria, umefunga mkanda?"

"Nimefunga, Kapteni," akanijibu. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo.

Tukiwa juu ya ziwa simu ikaita. Ni mama. Haoni tena, hata mwanga wa mlangoni umekwenda, lakini saa yangu ya kumpigia anaijua na nilikuwa nimechelewa. Nikamweka kwenye spika.

"Uko wapi wewe?"

"Niko na Kapteni, mama. Tumeshafika juu ya ziwa, tunakuja kutua."

Akasikiliza injini. "Kitambaa kipo?"

Kapteni akanyoosha mkono wake unaotetemeka, akauweka juu ya lile dirisha la mraba. Hewa ya joto ikapita katikati ya vidole vyake. "Kipo, mama. Inapumua."

"Haya," mama akasema. "Basi naweka chai jikoni. Vikombe viwili."

Nikashusha magurudumu.